Ardhi Iliyosomwa Kinyume

Kwa jina la Mola aliyeitandaza ardhi ili tutembee juu yake, akajua palipo patupu na palipojaa kabla ya mwanadamu kupigilia chuma chake cha kwanza. Kwake twaomba ulimi usioongeza na kumbukumbu isiyopunguza, kwa kuwa katika habari hii mmoja wa watakaotajwa hayupo tena kuisahihisha.

Ama baada ya hayo, ni wajibu kuwapanga watu kwa daraja zao, msomaji asije akamdhania huyu kuwa yule.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa Bibi, ajuza ambaye miguu ilimgomea mwaka wa tatu huo, ila ulimi wake ulizunguka nyumba nzima bila fimbo. Wa pili alikuwa Dada, fundi cherehani, mjane wa mwana wa Bibi. Mumewe alipofariki, watu walitazamia kwamba angemrejesha mkwewe kwa jamaa zake. Yeye akasogeza kitanda cha mkwewe karibu na chake, na maneno yakaisha. Alikuwa na mabinti wawili wanaosoma, na mafundi sita wanawake waliomshonea, mmoja wao akiitwa Redio kwa sababu isiyohitaji kuelezwa. Wa tatu alikuwa Mpimaji, ndugu yake Dada wa baba na mama, mdogo wake kwa miaka minne, ambaye riziki yake ilitokana na kuipitishia ardhi umeme na kusoma inavyojibu. Na wa nne alikuwa Sindano, mwenzake Mpimaji katika kazi hiyo, mtu wa makamo, mrefu, mwembamba, mwenye nyundo isiyokosa kichwa cha kigingi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na kila mmoja alikijua kikohozi cha mwenzake.

Kiwanja cha Dada kilikuwa chembamba na kirefu, mfano wa utepe wa fundi. Mbele, ukiingia kutoka barabarani, ulisimama ukumbi wa kushonea. Katikati palikuwa na ua, na nyuma vyumba vitatu vya kulala. Ubavuni mwa majengo hayo, kutoka lango la barabarani hadi ukuta wa nyuma, ulipita uchochoro wa udongo mtupu, urefu wake mita sabini.

Siku ya Alhamisi, mchana kweupe, tangi la maji la jirani lilizama. Halikuanguka, lilizama wima, kama mtu anayeshuka ngazi, likaacha tundu lenye mdomo mdogo na tumbo pana. Jirani alirusha jiwe ndani akasubiri sauti, na walioshuhudia wakasema alisubiri kwa muda wa kutosha kujuta. Mtaa ule ulikuwa umejengwa juu ya mawe ya chokaa, na maji yalikuwa yameyala mawe hayo kwa karne nyingi bila kumwambia mtu.

Dada alimpigia simu ndugu yake. Alimwambia kwamba hataki maneno ya kumtuliza moyo. Anataka kujua pa kuwalaza watu wake. Mabinti, Bibi, na wanawake sita wanaoinama juu ya vyerehani tangu asubuhi: hao wote wamekaa juu ya kitu, na yeye hakijui.

Mpimaji akaja Jumamosi na vyombo vyake.

Yapasa kueleza kazi yenyewe kwa ufupi. Vigingi vya chuma arobaini na vinane hupigiliwa ardhini kwa mstari, baina ya kimoja na kingine mita moja na nusu, na vyote huunganishwa kwa kebo moja ndefu. Mashine hupeleka umeme kwa vigingi viwili na kusikiliza kwa vingine viwili, kisha hubadilisha, mara mia kadhaa, mpaka iwe imeiuliza ardhi yote. Udongo wenye maji huupisha umeme kwa wepesi. Jiwe huuzuia. Pango lenye hewa tupu huukataa kabisa. Kompyuta hukusanya majibu hayo na kuchora picha ya ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu kama mkate: penye maji huwa buluu, na penye ukinzani mkubwa huwa nyekundu.

Na kazi hiyo ina adabu yake. Vigingi vina namba, na picha haijui barabara iko wapi wala ukuta uko wapi. Inajua namba tu. Kwa hiyo mwenye kuvuta kebo sharti atamke namba moja imekaa upande gani, na mwenye daftari sharti arudie kwa sauti kabla ya kuandika. Miaka ya mwanzo wawili hawa waliishika adabu hiyo kama watu wanaoshika saa ya sala. Kisha wakazoeana. Gari lao lilisimama barabarani siku zote, namba moja ikaanzia barabarani siku zote, na kurudia kukawa kama kumsalimu mtu uliyeamka naye chumba kimoja. Wakaacha, wala hakuna aliyekumbuka waliacha lini.

Jumamosi hiyo lori la mchanga lilikuwa limeziba lango la mbele. Sindano akazunguka na gari hadi njia ya nyuma, akaipitisha kebo kwa mlango mdogo wa ukutani, akaanza kupigilia kutoka huko. Redio akatoa kichwa dirishani akauliza kama hiyo ndiyo sindano iliyowapotea tangu mwezi uliopita. Sindano akajibu kwamba ndiyo yenyewe, ila imeota kutu kwa kukosa wa kuishika, na ukumbi mzima ukacheka mpaka Dada akagonga meza kwa mkasi.

Udongo ulikuwa mkavu, nao udongo mkavu hukataa umeme, hivyo kila kigingi kikanyweshwa maji ya chumvi. Sindano alipomaliza alinyoosha mgongo, akapaza sauti: namba moja iko nyuma.

Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha Bibi. Bibi alikuwa amemshika mkono akimwuliza kama umeme wa mashine ile waweza kuamsha na miguu. Mpimaji alisikia sauti ya mwenzake, hakusikia maneno. Akainua kidole gumba. Kisha akafungua daftari na kuandika kama alivyoandika miaka yote: namba moja, lango la barabarani.

Hilo ndilo kosa, na ni hilo tu. Mengine yote katika kazi ile yalifanywa vizuri, na hapo ndipo panapotisha.

Alasiri, juu ya meza ya kukatia nguo, picha ikatokea. Mita tatu chini ya uso wa ardhi, baina ya mita ya hamsini na ya hamsini na nane, palikuwa na duara jekundu lililoiva kama jipu. Mpimaji akahesabu kutoka barabarani: ukumbi, ua, vyumba. Duara likaangukia chini ya vyumba vya kulala. Karibu na mita ya nne palikuwa na doa la buluu, naye akaeleza kwamba huenda bomba la barabarani linavuja. Akaigeuza karatasi ili dada yake aione, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari mbaya aliyo na dawa yake:

“Nyuma hapafai. Hamieni mbele leo hii, kabla jua halijazama.”

Bibi hakutaka. Chumba kile alikuwa amezalia watoto wanne na kumzika mmoja kutokea humo. Mpimaji akapiga magoti kando ya kitanda, akamfunulia picha, akamwonyesha lile jekundu kwa kidole, akamwambia kwamba anamwomba kama mwanawe. Bibi akaitazama picha kwa muda, akasema haoni kitu ila anaona uso wa aliyeileta, na uso huo haujamdanganya bado. Akakubali. Wanaume wawili wakabeba kitanda chake hadi ukumbini, wakakiweka katikati, mbali na kelele za barabarani na mbali na joto la pasi, wakakizungushia pazia la kitambaa cha oda iliyokataliwa. Makabati yakafuata, na magodoro, na madumu ya maji, na vyerehani viwili vya akiba vilivyokuwa nyuma. Kila kizito cha nyumba ile kikakusanywa mahali pamoja.

Dada akamshukuru ndugu yake, na Jumapili wakaishi kwa raha waliyoikosa tangu Alhamisi.

Jumatatu asubuhi Mpimaji aliketi ofisini kuandaa nakala safi ya kuhifadhi. Desturi yake ilikuwa kuweka juu ya picha alama za vitu vinavyoonekana kwa macho: mlango, mti, kifuniko cha shimo. Mchoro wa vitu hivyo huchorwa na Sindano, kwa kalamu ya risasi, na ulikuwa pale mezani. Akaweka lango. Akaweka ua. Akaweka shimo la maji machafu, ambalo Sindano alilichora mahali lilipo hasa, mita nne kutoka ukuta wa nyuma.

Kwenye picha, mahali hapo palikuwa pakavu.

Akafikiri Sindano amekosea kuchora. Akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikiruka kifuniko kile Jumamosi, karibu na ukuta wa nyuma, na harufu yake aliisikia. Shimo lililojaa maji machafu halikosi kuonekana. Ndicho kitu chepesi kuliko vyote kukiona kwa umeme. Macho yake yakatembea taratibu juu ya karatasi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akiogopa kuguswa, yakafika mita ya nne, penye lile doa la buluu alilolipa jina la bomba.

Mita nne kutoka upande wa pili.

Hakuinuka mara moja. Alikaa akiutazama mkono wake uliolala juu ya meza, na ulionekana kama wa mtu mwingine. Kisha akaichukua karatasi, akaigeuza mbele nyuma, akaishika kuelekea dirishani ili mwanga upite. Doa la buluu likaenda kukaa juu ya shimo la maji machafu kama kifuniko chake. Na duara jekundu likaondoka chini ya vyumba vya nyuma, likatulia baina ya mita ya kumi na mbili na ya ishirini.

Ukumbi wa kushonea. Katikati yake.

Sindano alikuwa uani pa ofisi akisugua vigingi kwa brashi. Mpimaji akamwuliza, kwa sauti ambayo mwenzake hakuwahi kuisikia, Jumamosi namba moja ilikaa wapi.

“Nyuma,” akasema Sindano. “Si nilikutamkia, ukaniinulia dole?” Akamtazama usoni, na brashi ikamdondoka. “Uliandika nini?”

Mpimaji alikuwa ameshaishika simu.

Simu ya Dada iliita mara tatu kabla ya kupokelewa, na nyuma ya sauti yake vilisikika vyerehani vikikimbia. Mpimaji akamwambia atoe watu wote nje. Dada alidhani ni mzaha, kisha akadhani ndugu yake ana homa. Alipoelewa kwamba anasema kweli, sauti yake ikapoa. Mafundi atawatoa, alisema, lakini Bibi yumo katikati ya ukumbi na hatakubali kuhamishwa mara ya pili kwa maneno ya simu. Aliyempigia magoti ni yeye Mpimaji; basi aje mwenyewe ayaondoe maneno aliyoyaweka. Na aje upesi, kwa sababu pana kero nyingine ndogo: tangu alfajiri mlango wa mbele umegoma kufunga, umekwaruza sakafu, na amemwita seremala aupige randa.

Mpimaji akafunga simu. Alijua kwamba mlango haukuvimba. Fremu ilikuwa imepinda, na fremu hupinda pale ukuta unapoanza kuondoka.

Sindano aliendesha gari. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, na barabara ilijaa watu wenye haja zao. Mpimaji alihesabu kimoyomoyo uzito wa kila alichoamuru kiletwe mbele: kabati moja, kabati la pili, madumu, vyerehani. Alipofika kwenye kitanda, akarudi mwanzo. Akajaribu kuomba dua, na kila alipofikia kumtaja mtu wa kuombewa, alikuta ni mtu aliyemweka pale yeye. Sindano hakumlaumu. Alisema mara moja tu, macho yakiwa barabarani, kwamba wote wawili waliacha kurudia, hakuacha mmoja. Mpimaji akatamani kwamba angetukanwa.

Walipofika, seremala alikuwa ameung'oa mlango na kuulaza juu ya vibao viwili barabarani, akiupiga randa huku akiimba. Mafundi wanne walikuwa nje tayari wakiota jua. Wawili walikuwa bado ndani, Redio akiwa mmoja wao, wakimalizia pindo la sare iliyongojwa na mwenyewe. Dada alisimama karibu na pazia. Mpimaji akavua viatu kizingitini bila kujua kwa nini, akaingia akitembea kando ya ukuta.

“Mjomba,” akasema Redio bila kuinua macho, “leo umekuja bila misumari yako. Au sisi ndio wa kupigiliwa?”

“Acha kukanyaga,” akasema Mpimaji. “Toka polepole, kwa ukutani. Na mwenzako.”

Redio akainua macho, akamwona, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akatoka mahali bila neno la kuagia. Cherehani kikanyamaza, na kilipotulia ndipo walipoisikia sakafu. Ilikuwa ikitoa sauti ndogo kavu, moja, kisha kimya, kisha moja, kama mtu anayevunja vijiti vya kiberiti. Bobini tupu ya uzi iliyokuwa chini ya meza ikaanza kubingirika yenyewe. Ilikwenda pole, ikapita mguu wa Dada, ikaingia chini ya pazia.

“Nimeisoma picha kinyume,” Mpimaji akamwambia dada yake. “Shimo liko hapa.”

“Hapa wapi?”

“Chini yako.”

Dada hakupiga kelele. Alimtazama ndugu yake kwa muda, kama anayetafuta usoni pake mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kisha akalifungua pazia.

Bibi alikuwa macho, ameegemea mito. Alikuwa amesikia yote. Sindano naye alikuwa ameingia, amesimama miguuni pa kitanda, upande wa ndani zaidi wa ukumbi. Mpimaji akaanza kueleza habari ya namba na daftari, na Bibi akamkatiza kwa kiganja.

“Juzi ulipiga magoti ukaniambia nyuma ni kaburi. Leo waniambia mbele ndiko. Kwa uso uleule. Nimwamini nani, wewe wa juzi au wewe wa leo?”

 Kila neno alilokuwa nalo Mpimaji alikuwa ameshalitumia Jumamosi. Sakafu ikatoa sauti, mara mbili kwa mfululizo. Dada akamshika mkwewe bega, na Bibi akalitikisa bega, mkono ukaondoka. Akamgeukia Sindano.

“Na wewe uliyekuwa ukinipigia nyundo chini ya dirisha, huna la kusema?”

“Mimi sijui kusoma picha, mama,” akasema Sindano. “Najua nilichokifanya. Namba moja niliipigilia nyuma, kwa mkono huu.”

Bibi akautazama mkono ule, wenye sugu na chumvi iliyokauka kwenye mistari yake.

“Basi nibebeni,” akasema.

Hawakuthubutu kuinua kitanda, kwa kuwa kuinua ni kukanyaga kwa nguvu. Waliliteremsha godoro pamoja na Bibi juu yake, wakalivuta sakafuni, Mpimaji na Dada wakishika upande wa kichwani, kinyumenyume, na Sindano akisukuma upande wa miguuni. Mpimaji alitaka wabadilishane nafasi. Sindano akasema kwamba yeye ndiye mwepesi kuliko wote pale, hata mafundi wanamtania kwa hilo, na kwamba si wakati wa kugombea heshima. Seremala akaacha randa, akaja akasimama kizingitini, akanyoosha mikono.

Kutoka katikati ya ukumbi hadi mlangoni palikuwa na hatua tisa. Walivuta, wakapumzika, wakavuta. Mpimaji aliuona ufa ukizaliwa nyuma ya mwenzake, mwembamba kama uzi, ukipinda kuizunguka miguu ya kitanda kitupu. Hakusema. Aliogopa kwamba akisema, watu watakimbia. Lakini Sindano alikuwa ameuona machoni mwake.

“Msikimbie,” akasema Sindano kwa upole, kama anayembembeleza mnyama. “Vuteni tu.”

Seremala alikamata pembe za godoro. Bibi akavuka kizingiti, akavuka Dada, akavuka Mpimaji. Sindano alikuwa amebakiza hatua mbili, ameinama bado, viganja vyake vikiwa wazi mbele yake kwa kuwa godoro lilikuwa limeshamtoka. Akainua kichwa. Kisha sakafu ikaondoka chini yake, yeye na meza na kitanda na makabati, bila mshindo mkubwa, na vumbi jeupe likasimama mahali walipokuwa.

Waliobaki nje hawakuelewa kwa pumzi mbili au tatu. Mpimaji akajitupa kifudifudi kizingitini, akaita. Kutoka chini, mbali kuliko picha ilivyoonyesha, sauti ikajibu:

“Nipo.”

Akamwambia asisogee, kamba inakuja. Seremala akakimbilia kamba ya lori la mchanga, lililokuwa bado barabarani. Mpimaji akaendelea kuita, na sauti ikaendelea kujibu neno lile lile, na kila mara neno lilichelewa kidogo zaidi. Kamba ilipofika, ukuta wa ubavuni ukashuka. Dada alimshika ndugu yake kwa shati, akamvuta hadi barabarani kwa nguvu ambayo hakuwa nayo, akamlalia juu.

Baada ya hapo aliita mpaka waokoaji walipomwondoa, na hakujibiwa.

Sindano alitolewa alasiri. Vyumba vya nyuma vilibaki vimesimama, vizima, milango yake ikifunga vizuri, na Bibi akarudishwa chumbani mwake. 

Siku ya tatu Mkuu wa ofisi alimwita Mpimaji. Alizungumza kwa huruma. Alisema taarifa lazima iandikwe, na kwamba yawezekana kuiandika kwa namna isiyomvunja aliye hai: aliyetandaza kebo aliigeuza, na msomaji akasoma alichopewa. Jambo hilo halina uongo mkubwa, alisema, na marehemu hadhuriki. Mpimaji aliitazama karatasi tupu, na akahisi hofu ileile ya Jumatatu, kana kwamba kiti chake nacho kimewekwa juu ya kitu kisichoonekana. Akaandika kwa mkono wake kwamba marehemu alipigilia sawa, alichora sawa na alitamka sawa. Na kwamba mwenye daftari hakusikiliza. Akatia sahihi. Mkuu alimwambia kwamba kwa karatasi ile hatapewa tena ardhi ya kupima. Mpimaji akasema ndivyo inavyofaa.

Kutoka hapo akaenda nyumbani kwa Sindano. Alisimama nje kwa muda mrefu, na alimwogopa mwanamke aliyekuwa ndani kuliko alivyoliogopa shimo. Mjane alitoka mwenyewe. Alikuwa amesikia mtaani kwamba mumewe aliigeuza kebo, akataka kujua kama ni kweli.

“Hakuigeuza,” akasema Mpimaji. “Aliniambia. Mimi ndiye niliyeandika kinyume.”

Mjane akashika fremu ya mlango. Alisema alikuwa anajua. Miaka yote ile mumewe hakuwahi kurudisha hata kikombe mahali pasipo pake. Kisha akasema, bila ukali:

“Nimekusikia. Sasa nenda. Leo siwezi kukuangalia.”

Naye akaenda, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuomba zaidi.

Ewe Mola, mpe Sindano pahala palipo imara, usimhesabie hatua mbili zilizombakia. Na waliobaki uwahurumie: ajuza asiyeweza miguu, na mjane mwenye mkasi, na mabinti wake, na mafundi waliotoka mmoja mmoja kwa ukutani. Mtie nguvu mjane wa pili katika nyumba iliyopungua mtu. Mpokee Mpimaji katika toba yake, na umwezeshe kutembea juu ya ardhi bila kuisikiza kila hatua. Na uwalinde wote wanaojilaza leo mahali walipoambiwa na ndugu zao kwamba pako salama. Amin.